Naitwa Usama, kazini wananiita Sam. Nibadili jina au nikomae nalo?

simba_mpole:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wale wasio Waislamu habari zenu pia. Hili jambo nimetembea nalo miaka mingi leo nimeona nilitue hapa, naombeni mnisome mpaka mwisho hata kama naandika ovyo ovyo.

Mimi naitwa Usama. Nimezaliwa 1994, baba alinipa hili jina siku ya akika (sherehe ya kumpa mtoto jina) na sababu yake anaisimulia mpaka leo, kwamba alikuwa anampenda sana yule sahaba, yaani mfuasi wa Mtume Muhammad, Usama bin Zayd. Kipindi hicho lilikuwa jina tu kama Yusufu au Hamza, hakuna aliyeshtuka. Asa 2001 nina miaka saba, nipo darasani na kaptula yangu, yakatokea yale ya Marekani mwezi wa tisa, na kuanzia wiki ile sikuwa Usama tena, nikawa Bin Laden, yule aliyehusishwa na mashambulizi naye jina lake Usama. Watoto wanaita, mwalimu anacheka, na mimi nacheka maana ukinuna ndo wanazidisha. Nimekua hivyo mpaka chuo, kila nikijitambulisha mtu lazima aulize "kama yule?" na mimi jibu langu la utani lipo tayari mdomoni kabla hajamaliza kuuliza, yaani nishachoka hata na utani wangu mwenyewe.

Sasa nimepata kazi, ni ya kuongea na wateja kwenye simu kutwa nzima. Bosi sio mtu mbaya, aliniita pembeni akaniambia jina lako zuri ila wateja wengine watasita, vipi tukikuita Sam? Nikasema sawa. Nilisema sawa haraka sana na hapo ndo panaponiuma, sikuomba hata dakika moja ya kufikiria. Mwezi wa tano huu kitambulisho kimeandikwa Sam, barua pepe Sam, kila kitu Sam.

Juzi nipo na mzee tunatembea tukakutana na mwenzangu wa ofisini, akapiga kelele kwa furaha "Sam! Mambo vipi!" Baba akageuka nyuma kumtafuta huyo Sam. Wallahi aligeuka kabisa na mwili wote. Alipogundua ni mimi hakusema neno, akamsalimia yule kijana vizuri tu, tukaendelea na safari.

La mwisho, mke wangu ana ujauzito wa miezi saba. Mtoto atabeba jina langu nyuma ya lake, si mnajua. Mke anasema nibadili kabisa kisheria kabla hajazaliwa, niwe Salim au Said, jina la Kiislamu bado lakini lisilo na maneno. Na msimfikirie vibaya, huyu mwanamke hijabu yake haishuki hata kwenye usaili wa kazi. Ila aliniambia "hijabu naivaa mimi kwa kutaka kwangu, huyu mtoto hilo jina hatalichagua, litakuja limeshapangiwa maswali". Nikakosa jibu.

Naulizeni, kubadili ni dhambi? Na kama sio dhambi, mbona najiona kama msaliti?

---

Kifurushi:

Waalaykum salaam. Badili kaka, usijitese. Mtume mwenyewe (s.a.w) alikuwa anabadilisha watu majina. Kuna mwanamke alikuwa anaitwa Asiya, kwa Kiarabu ile yenye herufi ya ayn ambayo maana yake muasi, akamwita Jamila. Dini ipo moyoni haipo kwenye kitambulisho. Mkeo ana akili kukuzidi, mpe maua yake.

---

bi_nurulain:

Mwanangu simba_mpole, naona jina ulilojiandikisha nalo hapa nimetabasamu, maana Usama maana yake ni simba, nadhani unajua.

Kwanza dhambi ondoa kichwani. Kubadili jina la halali kwenda jina jingine la halali sio dhambi. Ila Kifurushi naomba usikate hadithi nusu. Hao ambao Mtume alibadilisha majina yao tatizo lilikuwa kwenye jina lenyewe, ama maana mbaya kama huyo muasi, ama mtu kuitwa mja wa sanamu, ama jina la kujisifu kama Barra ambaye akamwita Zaynab. Usama halimo kwenye hayo. Jina hilo Mtume alilitamka mwenyewe mara ngapi, alimbeba mwenye nalo akiwa mtoto, akimweka paja moja na mjukuu wake Hasan paja lingine akiwaombea dua. Na hata alipopendekeza hakulazimisha, babu yake Said bin Musayyib alikuwa anaitwa Hazn, yaani ugumu, Mtume akamwambia wewe ni Sahl, yule mzee akakataa, akasema sibadili jina alonipa baba yangu. Hakupigwa wala hakufukuzwa. Ingawa mjukuu wake alikuja kusema ule ugumu haukuwatoka tena kwenye ukoo wao, hahaha.

Sasa nataka nikuulize, baba yako alikuhadithia Usama bin Zayd mpaka wapi? Maana wengi wanaishia kwenye ule ukamanda. Kwamba Mtume alimpa jeshi la kwenda Sham (upande wa Syria) mwaka wa 11 Hijria hajafika hata miaka ishirini, na ndani ya jeshi lile wamo wazee kama Umar, watu wakanung'unika kijana mdogo huyu, Mtume akatoka akiwa mgonjwa akawaambia mlimsema na baba yake kabla yake na Wallahi alikuwa anastahiki uamiri. Halafu Mtume akafariki, na Abubakar ndo akalisindikiza lile jeshi, Usama yupo juu ya mnyama, khalifa anatembea kwa miguu. Hayo kila mtoto wa madrasa anayajua.

Kuna kisa kingine watu wanakipita haraka. Kwenye msafara mmoja Usama alimfukuza mtu vitani, alipomfikia yule mtu akasema la ilaha illa Allah, yaani hakuna mungu ila Allah, neno la kusilimu. Usama akamuua, akidhani ameitamka kwa kuogopa upanga. Habari ikafika Madina. Mtume akamuuliza, umemuua baada ya kusema la ilaha illa Allah? Usama akajitetea, alisema kwa kuogopa silaha tu. Akaambiwa, kwani ulimpasua moyo ukaona? Akawa anamrudia rudia mpaka Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile ile, ili lile liwe limepita kabla ya Uislamu wake. Na alikuwa mpenzi wa Mtume huyo, mwana wa mpenzi wa Mtume, na bado hakufunikiwa.

Asa sikiliza mwisho wake. Miaka ikapita, Waislamu wakagawanyika wakapigana wao kwa wao wakati wa khalifa Ali (r.a), Usama akakaa pembeni. Akampelekea Ali ujumbe kwamba lau ungekuwa kwenye taya la simba ningependa niwe nawe humo humo, lakini jambo hili siwezi kuliingia. Mtu anayeitwa Simba anasema hivyo! Yule aliyemuua siku ile hakumtoka mpaka uzeeni.

Mwanangu jina lako ni la mtu huyo. Mtu aliyekoma kumwaga damu ya anayesema la ilaha illa Allah. Waliokuita Bin Laden miaka yote hiyo walikuwa wanalitaja jina la mtu aliyekataa upanga bila kujua wanamtaja nani. Nawe ulikuwa hujui ndo maana ulikuwa unacheka nao.

Mkeo simpingi, hoja yake nzito. Mimi nasema amua ukiwa umejua unachoacha.

---

mchokonozi:

Mimi naona mnazunguka tu. Hivi kwanini Muislamu lazima aitwe kwa Kiarabu? Mnajivunia majina ya watu wengine halafu mnaita dini. Jina la asili yako liko wapi?

---

bi_nurulain:

Mchokonozi swali zuri ila limekosea nyumba. Hakuna aliyesema lazima. Abdallah lilikuwa jina la baba yake Mtume kabla ya Uislamu, na Waarabu Wakristo wanaitwa Abdallah mpaka leo. Umar aliitwa Umar akiwa anaabudu masanamu, akasilimu akabaki Umar. Abu Jahl, yule adui mkubwa wa Mtume, jina lake halisi ni Amr, na Amr bin Al-As aliyekuja kuwa sahaba naye Amr. Jina zuri ni lenye maana nzuri, basi, liwe la Kiajemi, la Kituruki, la kwenu. Na huyu Usama tunayemsema mama yake ni Ummu Ayman, Mhabeshi aliyekuwa mtumwa, na baba yake alitekwa akauzwa sokoni akiwa mtoto. Sasa hapo uarabu wa kujivunia sijui uko wapi.

---

nimesilimu2011:

Ngoja nimsapoti bibi hapo. Mimi nilisilimu 2011 na jina langu la kuzaliwa sijabadili, ni jina la kikwetu maana yake mvua, halina ubaya wowote. Siku ile ile ya kutamka shahada ya kusilimu kuna kijana akaniambia kuanzia leo wewe ni Abdulrahman, imamu akamnyamazisha, akasema mwache huyu na jina alilopewa na mama yake halina shirki, yaani halimshirikishi Mungu na kitu. Mama yangu sio Muislamu na mpaka leo anaamini imamu yule ni mtu mwema kwa neno lile moja.

Kwahiyo najivunia dini yangu bila jina la dini. Nakuja kwenye hoja yako simba_mpole, nimefikiria sana mbona mimi sijioni msaliti nawe unajiona, wakati mimi ndo sina hilo jina. Nadhani ni kwamba wewe hukubadili jina, ulinyamaza tu. Vitu viwili tofauti. Ungeenda mwenyewe ukasema nataka kuitwa Salim usingejisikia hivi. Sam hukulichagua, ulilikuta umeshaitikia.

Na aya ya Suratul Hujurat inakataza kuitana kwa majina ya kejeli, hiyo Bin Laden ya shuleni ndo yenyewe. Ila Sam sio tusi, bosi wako hajakutukana, amejirahisishia kazi yeye mwenyewe. Ndo maana ni ngumu kumkasirikia.

---

vyeti_havifanani:

Naomba niongee mimi niliyebadili kweli maana nyote mnaongea nadharia. Nilikuwa naitwa Jihadi. Nikabadili nikawa jina jingine, sitaliandika. Sijutii kuhusu jina, nalala vizuri, safari zangu uwanja wa ndege zimekuwa fupi. Lakini jamani MAKARATASI. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, vya shule vyote vinasema vile, cha ndoa hivi, benki nusu nusu. Kila ofisi unatembea na kiapo mkononi unaeleza upya kama mtuhumiwa. Na marehemu mzee alipofariki kwenye mirathi ikabidi nithibitishe kwamba mimi ni mwanawe, ndugu zangu wa tumbo moja wamekaa hapo wananitazama, karani ananiuliza "huyu Jihadi yuko wapi?" Nikamwambia ndo mimi. Akasema nilete ushahidi.

Sikutishi bro. Kama utabadili, badili mapema kabla mtoto hajaandikishwa, mkeo hapo yuko sahihi, na uanze na nyaraka kubwa ndo ushuke. Usifanye kama mimi nilianza na benki.

---

Kifurushi:

Aisee bi_nurulain nimekuelewa, kile kisa cha mwisho nilikuwa sikijui, kiukweli nimekisoma mara mbili. Nafuta ile "dini ipo moyoni" niliisema kirahisi.

Ila msije mkamdanganya kijana kwamba ni kujiamini tu yanaisha. Kuna utafiti ulifanywa Ufaransa, ulichapishwa 2010, walituma maombi ya kazi yanayofanana, wadada wawili ukoo mmoja Diouf wa asili ya Senegal, mmoja Marie na mwenzie Khadija, tofauti yao kwenye karatasi ni dini tu. Marie aliitwa kwenye usaili karibu mara mbili na nusu zaidi ya Khadija. Khadija! Jina la mke wa Mtume, halina bomu wala nini, na bado. Kwahiyo asa mkewe simba_mpole akidhani Salim ndo litamsalimisha mtoto... sijui. Ukikimbia Usama watakukuta kwenye Salim. Hapo nimejipinga mwenyewe naona.

---

raundi_ya_15:

Mimi mtu wa ngumi tu, dini sijui sana ingawa ni Muislamu. Mnamkumbuka Muhammad Ali na Ernie Terrell? Tarehe 6 Februari 1967. Ali alikuwa ameshatangaza jina lake tangu 1964, magazeti mengi bado yanamwandika Clay, jina lake la zamani, makusudi, na Terrell kabla ya pambano akawa anamwita Clay. Kilichotokea ulingoni, pambano la raundi kumi na tano, Ali akawa anampiga huku anamuuliza "jina langu nani?" Watu wanaipenda sana hiyo video.

Mimi zamani naipenda, siku hizi nikiitazama sijui, ilikuwa ukatili fulani pia, jamaa jicho limefumba bado anaulizwa. Sikushauri umuulize bosi wako kwa staili hiyo lol. Ila kitu kimoja, Ali hakukaa kimya miezi mitano.

---

nimesilimu2011:

Hahaha raundi_ya_15 umemaliza. Na kuna watu hawakupewa hata nafasi ya kukaa kimya. Bulgaria, majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985, serikali iliwalazimisha Waislamu wa asili ya Kituruki wabadili majina, polisi wanazunguka kijiji kwa kijiji, umeingia ofisini Mehmet unatoka na jina la Kibulgaria. 1989 zaidi ya watu laki tatu wakakimbilia Uturuki. Serikali ilipobadilika wakaruhusiwa kuyarudisha. Nikisoma hayo huwa nafikiria, kama jina ni kitu kidogo hivyo mbona serikali nzima ilihangaika nalo.

---

mchokonozi:

Haya hiyo ya Bulgaria nimekubali. Sio ya Kiarabu yote lakini nimekubali.

---

simba_mpole:

Nimerudi. Nimechelewa kujibu maana nilisoma ile post ya bi_nurulain kisha nikaenda kwa mzee.

Nikamuuliza, baba kwanini Usama? Akaanza ile ya kila siku, kijana mdogo kapewa jeshi. Nikamuuliza na yule mtu aliyesema la ilaha illa Allah? Akanyamaza. Kumbe anaijua. Akasema hiyo sikukwambia kwa sababu ulikuwa mtoto, halafu ukaja mwaka ule wa 2001 nikaogopa kukuambia chochote chenye kuua. Akasema ndo sababu ya kweli yenyewe, alikipenda kile kisa cha mtu aliyekosea akakubali kuulizwa. Miaka thelathini nabeba jina na sababu yake nimepewa nusu.

Kuhusu Sam hakuniuliza, mimi ndo nikaanza. Akasema "nilidhani ni rafiki yako mwingine". Basi.

Mke nimemsomea uzi wote, mchokonozi amekuchukia lakini vyeti_havifanani amekupenda, karatasi zile zimemtisha kuliko aya zote. Hajakubali. Amesema kwa sasa tusibadili, ila mtoto akifika umri wa kuulizwa nimhadithie mimi mwenyewe na kisa nzima nzima, sio nimwachie mwalimu. Na jina la kwanza atachagua yeye, hilo hataki mjadala. Sawa.

Kazini Jumatatu nilimfuata bosi. Nilikuwa nimejiandaa hotuba nzima, nikaishia kusema naomba barua pepe irudishwe Usama. Akasema sawa. Haraka vile vile kama mimi nilivyosema sawa, hata hakuinua kichwa. Nimebaki nimesimama pale na hotuba yangu. Wenzangu bado wananiita Sam, wengine wanasahihishana. Simu ya kwanza nilipojitambulisha mteja akanyamaza kidogo kisha akasema, naomba nirudishiwe laini yangu imefungwa tangu jana. Hiyo tu. Ya tatu ndo mmoja akauliza "kama yule?" Nikamwambia hapana, kama yule mwingine. Akauliza yupi, nikasema nikikufungulia laini nakuhadithia. Akasikiliza kweli, dakika nne, najua maana tunarekodiwa.

Sasa swali dogo la mwisho nisaidieni. Cheti changu cha kuzaliwa kina U, pasipoti waliandika kwa O, Osama. Nyuma ya jina la mtoto niandike ipi?

---

vyeti_havifanani:

U!!! Ya cheti. Na hiyo pasipoti karekebishe KESHO, usisubiri kama mimi.

---

bi_nurulain:

U mwanangu. Na msalimie mzee.